Wagalatia 6:7 haisomwi kinyumenyume

Mtu akiugua au akifiwa, hakosekani muumini wa kunong'ona, "Sijui alifanya nini." Ukimuuliza ushahidi, anakutajia Wagalatia 6:7: apandacho mtu ndicho atakachovuna. Nafundisha Biblia, na nimechoka kuona aya hiyo ikigeuzwa fimbo ya kuwachapia waliolala kitandani.

Kwamba uovu una matokeo, sibishani. Mshahara wa dhambi ni mauti. Achimbaye shimo atatumbukia humo. Warumi 1 inatisha zaidi: mara tatu Paulo anasema Mungu aliwaacha watu wafuate walichokitaka. Adhabu yao ni kuachiwa dhambi yenyewe.

Lakini apandaye uovu kuvuna uovu ni jambo moja; kudai kwamba kila anayelia aliupanda ni jambo jingine kabisa, na Biblia inalikataa waziwazi. Wanafunzi walipouliza kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu alijibu: si yeye wala wazazi wake. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, naye Yesu akasema hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akawaambia waliomsikiliza watubu wao. Elifazi na wenzake, rafiki za Ayubu, walimhubiria Ayubu katika mateso yake mambo ambayo mengi yake hata leo yangeitikiwa "amina", na Mungu akawakasirikia. Someni Ayubu 42:7, jamani, msiishie sura ya kwanza!

Halafu wafalme wa Yuda. Manase, aliyemwaga damu isiyo na hatia, alitawala miaka 55. Yosia, mjukuu wake aliyeondoa sanamu, aliuawa Megido akiwa na miaka 39. 2 Nyakati inasema Manase alitubu. 2 Wafalme haitaji toba hiyo hata kidogo. Inasema maovu yake ndiyo yaliyoiponza Yuda, yeye akiwa kaburini zamani.

Hapo nami nakwama. Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Ila mtoto wa Daudi na Bathsheba alikufa, na nabii Nathani alitaja sababu: dhambi ya Daudi. Tunafundishwa kutenganisha hatia, ambayo ni ya mtu mwenyewe, na madhara, ambayo huikumba nyumba nzima. Tofauti hiyo naikubali, nami huifundisha. Kwa mtoto yule hainitoshi, na sitamwambia mzazi aliyefiwa kwamba inatosha.