Sheria ishughulike na usambazaji, isihukumu ukweli

Kazi yangu ni kuhakiki habari zinazozagaa mitandaoni, na kila ninapoulizwa kama serikali zinapaswa kuidhibiti mitandao hiyo, hujibu kwamba zinapaswa, mradi tukubaliane kwanza ni kitu gani hasa kinachodhibitiwa.

Wakati fulani shangazi yangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya mafuriko, yenye ile alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umeshapita mikononi mwa wengi. Nilipoutafuta mzizi wake nikaikuta picha hiyo katika nchi nyingine kabisa, imepigwa miaka mingi nyuma. Kilichobadilika ni ukingo wa chini, uliokuwa na tarehe, ambao mtu alikuwa ameukata. Shangazi hakuwa mwongo, aliwahurumia waliofurikiwa. Sheria inayomwadhibu msemaji ingeanza na yeye, na aliyeukata ule ukingo angebaki salama.

Utafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliofuatilia takriban habari 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, uligundua kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena uliozidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba tofauti hiyo ilitokana na watu, si na akaunti zinazoendeshwa na programu.

Kwa hiyo kinachohitaji kudhibitiwa ni usambazaji wenyewe, nami naihofia sheria kama ya Singapore ya mwaka 2019, inayompa waziri mamlaka ya kutamka kwamba andiko fulani ni la uongo na kuamuru lisahihishwe au liondolewe, kwa kuwa waziri huyo huyo anaweza kuwa ndiye anayekosolewa. Ujerumani ilipitia njia nyingine mwaka 2017: kampuni za mitandao ya kijamii zilitakiwa kuondoa ndani ya saa 24 maudhui yaliyo haramu waziwazi, la sivyo zingeweza kutozwa faini ya hadi yuro milioni 50. Kampuni iliyopewa saa 24 na tishio la faini kubwa kiasi hicho ina kila sababu ya kufuta hata lisilo na kosa.

Naona afadhali sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022, ambayo haiugeuzi uongo wenyewe kuwa kosa, bali inaibana mitandao yenye watumiaji milioni 45 au zaidi katika Umoja huo ipime madhara ya mifumo yake, ikaguliwe na watu huru na kuwafungulia watafiti takwimu zake, kwa faini inayoweza kufikia asilimia 6 ya mapato ya mwaka duniani kote.

Takwimu hizo ndizo tunazozihitaji zaidi. Mwezi Aprili 2020 WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi utumwe kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja, na baadaye ikasema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyezibwa mdomo. Lakini asilimia hiyo ni hesabu ya kampuni yenyewe, nasi tulio nje hatukuwa na namna ya kuihakiki, na kikomo hicho kinaweza kuondolewa siku yoyote bila mtu kuulizwa.