Kupandisha sauti bila kuumiza koo: maswali ya wanakwaya

Naimba soprano kwaya ya hapa Mwanga, Kigoma. Nikifika noti za juu sauti inakatika, mwalimu anasema "toa sauti!" Nikaze zaidi?

Hapana dada, usikaze. Sauti hutoka kwenye nyuzi mbili ndogo ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni. Noti A ya kupimia vyombo huzitikisa mara 440 kwa sekunde. A inayofuata juu yake, mara 880. Ili zifike huko lazima zivutwe, ziwe ndefu na nyembamba. Ukisukuma pumzi kwa nguvu unazigonganisha tu. Mishipa ya shingo ikisimama, ujue umeshakosea. Noti ya juu huanza ikiwa ndogo. Ukubwa huja baadaye.

Basi nifanye zoezi gani?

Ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Chukua chupa ya nusu lita, tia maji robo, zamisha ncha ya mrija wa soda kama sentimeta 2. Toa sauti ya "uuu" kupitia mrija, panda taratibu kutoka chini hadi juu kama king'ora, kisha shuka. Angalia mapovu. Yakitoka sawasawa, pumzi yako imetulia. Yakirukaruka hadi maji yakumwagikie, unasukuma: punguza. Dakika 3 hadi 5, mara mbili tatu kwa siku, zinatosha. Siku huna mrija, tetemesha midomo "brrr" kama mtoto anayeigiza pikipiki, upande hivyohivyo. Ukisikia maumivu, acha.

Mama ananiambia nimeze yai bichi au asali na tangawizi.

Asali inatuliza koo, mwambie mama asante. Ila chakula hupita kwenye umio, yaani njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti, kingezigusa ungepaliwa. Yai bichi liache, linaweza kukuletea vijidudu vya salmonela na kuharisha. Kunywa maji tangu asubuhi, siyo dakika tano kabla ya kuimba.

Sauti imenikauka tangu mkesha. Ninong'one?

Kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha. Ongea kidogo, kwa sauti laini, ukae mbali na moshi wa kuni, na usiimbe mpaka irudi. Anayeimba juu ya sauti iliyokauka, wiki baada ya wiki, anaweza kuota vinundu kwenye nyuzi. Ikipita wiki 3 haijarudi, nenda hospitali uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Ukitema damu, ukishindwa kumeza au kupumua kwa shida, nenda siku hiyohiyo.