Je, wajua nyigu vimelea wa Ulaya hutambuliwaje?

Mwishoni mwa kiangazi huko Uingereza au Uswidi, mtu aliyeacha dirisha wazi usiku huku taa ikiwaka huenda akatembelewa na mdudu mwembamba wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye miguu mirefu, vipapasio visivyotulia na fumbatio lililobanwa ubavuni na kupinda kama ala ya jambia. Akifungua kitabu cha picha atakuta mdudu anayefanana naye ameandikwa Ophion luteus, jina la spishi ambayo Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aliieleza mwaka 1758, naye atakifunga kitabu akiamini kwamba kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba hapo hajafika hata kwenye familia, yaani kundi kubwa la spishi zenye undugu.

Nyigu vimelea ni wale ambao jike hutaga mayai ndani au juu ya mwili wa mdudu mwingine, mara nyingi kiwavi, na buu anayeanguliwa humla mwenyeji huyo polepole mpaka amwue. Familia ya Ichneumonidae peke yake ina takriban spishi 2,500 nchini Uingereza, na wengi wao ni weusi au weusi wenye wekundu, kwa hiyo rangi haimsaidii sana mchunguzi. Kwa wale wanaoruka usiku, rangi humpoteza kabisa. Vikundi kadhaa visivyo na undugu wa karibu, vikiwemo Netelia kwa upande mmoja, Ophion na ndugu yake Enicospilus kwa upande mwingine, pamoja na baadhi ya jamaa wa familia nyingine iitwayo Braconidae, vimeishia kuwa na sura moja: mwili wa chungwa, vipapasio virefu, na macho matatu madogo ya utosini yaliyovimba ili kukusanya mwanga hafifu. Maisha ya gizani ndiyo yaliyowafananisha.

Ndiyo maana mtaalamu huanza na bawa la mbele. Mishipa ya bawa huligawa katika vijichumba, na mpangilio wake haubadiliki ovyo kama rangi inavyobadilika. Katika sehemu ya nje ya bawa la Ichneumonidae kuna mishipa miwili midogo inayokatiza kuelekea ukingo wa nyuma, ilhali Braconidae, isipokuwa wachache mno, wana mmoja tu. Vilevile, kwa Ichneumonidae mshipa mmoja uliokuwa ukitenganisha vijichumba viwili katikati ya bawa umetoweka, na nafasi iliyobaki ina umbo ambalo watu hulifananisha na kichwa cha farasi. Mtu akishalizoea, huliona hata kwenye picha ya simu, mradi mabawa yawe yametandazwa. Wapo Ichneumonidae wachache wadogo waliopoteza mshipa ule wa pili, na kwao inabidi kutazama mgongo wa fumbatio: kwa kawaida bamba la pili na la tatu la Braconidae yameungana, wakati ya Ichneumonidae hukunjika baina yao.

Tumrudie mgeni wetu wa dirishani. Akishathibitika kuwa ni Ichneumonidae, swali linalofuata ni kama bawa lake lina kile kijichumba kidogo kilichofungwa pande zote, karibu na ncha ya kile kichwa cha farasi. Netelia anacho, kidogo na cha pembe zilizolala upande. Ophion na Enicospilus hawana. Kisha Enicospilus hujitenga kwa alama ambayo haina mfano: katika sehemu ya bawa lake iliyo tupu bila vinyweleo huwa kuna vipande vidogo vigumu vya rangi ya kahawia, kama punje zilizonaswa kwenye kioo. Tofauti hizi zina maana hata katika maisha yao, kwa sababu yai la Netelia hushikamana na ngozi ya kiwavi kwa nje, ilhali Ophion hukulia ndani ya mwili wake.

Si kila nyigu anahitaji lenzi. Jike wa Rhyssa persuasoria, mweusi mwenye madoa meupe na miguu myekundu, hutoboa magogo ya misonobari kwa mrija wa kutagia mayai ulio mrefu kuliko mwili wake, akitafuta mabuu ya nyigu-mbao waliojificha ndani. Tahadhari ni moja: dume hana mrija huo, na anayetegemea sifa hiyo pekee atabaki na nusu ya spishi mkononi. Gasteruption naye hutambulika akiwa angani, kwa kuwa fumbatio lake limeungwa juu sana ya kifua, na sehemu ya chini ya miguu yake ya nyuma imevimba kama rungu.

Kwa nyigu wadogo kabisa, bawa halina mengi ya kusoma, kwani mishipa yao imepungua hadi kubaki mstari mmoja ukingoni. Hapo huhesabiwa vipingili vya wayo chini ya hadubini. Trichogramma, ambaye hafiki milimita moja na hukulia ndani ya mayai ya wadudu wengine, ana vipingili vitatu. Jamaa wa familia ya Eulophidae kwa kawaida wana vinne, na wa familia ya Pteromalidae vitano.

Hata hivyo, kufika kwenye Ophion si sawa na kufika kwenye Ophion luteus. Utafiti kuhusu Ophion wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza spishi mpya 18, katika nchi ambayo wadudu wake wamechunguzwa tangu enzi za Linnaeus mwenyewe. Baadhi hutenganishwa kwa mambo madogo kama idadi ya vipingili vya vipapasio, kupinda kwa mshipa fulani wa bawa, au upana wa pengo kati ya jicho kubwa na jicho dogo la utosini. Tarehe nayo husaidia: luteus huruka kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi vuli, kwa hiyo nyigu wa chungwa aliyeingia dirishani mwezi wa Mei ana jina jingine.