Moshi baridi kwenye joto la Kigoma: namna ninavyolizuia pipa lisivuke nyuzi 30

Septemba ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa nimenunua sangala wa kilo nne pale Kibirizi alfajiri, nikampasua minofu, nikamlaza kwenye chumvi hadi kesho yake, kisha nikamtundika ndani ya pipa. Moto wangu ulikuwa mdogo, karibu naona aibu kuuita moto. Saa sita mchana nikafunua kifuniko. Kipimajoto kilisoma 43. Mnofu uliokuwa unang'aa ulikuwa mweupe kama uliochemshwa, mafuta yanachuruzika, na kipande kimoja kilikuwa kimechanika kwenye ndoano na kuangukia majivuni. Aliyempika sangala wangu hakuwa moto. Lilikuwa jua juu ya pipa jeusi.

Hapa Kigoma kubanika samaki si jambo geni. Migebuka hupangwa juu ya kichanja, moto chini, akaiva na kukauka kwa pamoja. Huo ni moshi moto. Moshi baridi ni kazi nyingine kabisa: samaki anabaki mbichi, anaingiwa na harufu na rangi tu, na joto la chumba cha moshi halipaswi kuvuka nyuzi 30 za Selsiasi. Ukivuka hapo, protini ya samaki inaanza kubadilika, mnofu unaachia maji na mafuta. Na samaki anayekaa saa nyingi kati ya 30 na 40 yuko pabaya zaidi, kwa sababu hajaiva na wala hajapoa. Bakteria hawahitaji zaidi ya hapo.

Wanaonipigia simu kuomba ushauri karibu wote huanza na barafu. Barafu ina nguvu kweli. Kilo moja ikiyeyuka yote inaweza kupoza kama mita za ujazo 30 za hewa kwa nyuzi 10. Pipa la lita 200 ni sehemu ya tano tu ya mita moja ya ujazo, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona kilo hiyo inatosha kulijaza pipa hewa baridi mara 150. Lakini hesabu hiyo haina jua ndani yake. Bati lililoanikwa linaingiza joto kila dakika, na barafu yako inaishia kupambana na bati badala ya kupoza moshi. Ndiyo maana kwangu barafu inakuja mwisho, baada ya kivuli, umbali na usiku.

Kivuli nilikimaliza kwa siku moja: banda dogo la majani ya mchikichi, nafasi ya hewa ya nusu mita juu ya pipa, na pipa lenyewe kupakwa chokaa. Kiangazi nalivisha pia gunia la juti lililolowa. Maji yanapokauka kwenye gunia yanaondoka na joto. Masika sijihangaishi nalo, kwa kuwa hewa yenyewe imelowa na gunia halikauki.

Umbali ndio ulionichukua muda. Nyumba yangu iko kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za huku, na mteremko ni mali kwa kazi hii. Jiko la moshi liko chini, pipa liko juu yake kwa zaidi ya mita moja, na katikati kuna mfereji wa mita tatu na nusu nilioujenga kwa tofali za kuchoma, nikaufunika kwa bati na kurudishia udongo. Udongo wa chini hausikii jua la mchana, na moshi ukipita humo unaacha joto lake kwenye tofali. Unaacha pia maji meusi machungu, ambayo zamani yalikuwa yakidondokea samaki. Sasa yanateremka kurudi upande wa jiko.

Tatizo ni kwamba moshi uliopoa ni mvivu. Moshi wa moto hupanda wenyewe, huu wa baridi lazima uvutwe. Nilipoziba mfereji vizuri nikadhani nimemaliza, kumbe usiku moshi wote ulikuwa unatokea mdomoni mwa jiko. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka milimani, na mimi mdomo wa jiko nilikuwa nimeuelekeza ziwani. Nikaufungua upande wa mlimani ili upepo wa usiku uingie na kuusukuma moshi. Juu ya pipa nikaongeza bomba la kutolea moshi la mita moja na nusu lenye kofia. Tangu hapo linavuta.

Kuhusu moto, usiwashe kuni. Tumia unga wa mbao mkavu, uutandaze juu ya wavu wa chuma kwa mstari wenye unene wa vidole viwili, ukizungushazungusha kama njia ya nyoka bila mistari kugusana. Washa ncha moja tu. Utafuka polepole bila ndimi za moto usiku kucha. Mimi nachana matawi makavu ya mwembe na mpera. Unga wa bure wa karakana za useremala siuchukui: mara nyingi umechanganyika na mninga, ambao vumbi lake huwasha pua na kifua, na huwezi kujua ni ubao gani ulipakwa dawa. Msindano nao unatoa moshi wa utomvu, samaki anakuwa mchungu.

Barafu sasa. Kati ya mfereji na pipa nimeweka debe, moshi unapita humo, na ndani yake nasimamisha chupa tatu za maji yaliyoganda. Usizitundike juu ya samaki. Chupa zinatoa jasho na kumlowesha, na hewa baridi inayoshuka inaziba njia ya moshi. Samaki aliyelowa hashiki moshi vizuri, anashika uchachu. Kabla ya kumtundika, mwache kwenye upepo ndani ya chandarua mpaka uso wa mnofu unate kidogo kwenye kidole.

Nawasha saa tatu usiku. Huku magharibi jua linachelewa kuchomoza kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam, kwa hiyo alfajiri yetu ni ndefu na yenye baridi nzuri. Usiku wa Julai ndio bora kuliko wote, ila mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na pipa langu likakaa tupu kwenye baridi hiyo yote. Sikulalamika. Bila samaki wadogo kukua, kazi hii haipo.

Jambo moja sitalipunguza uzito: moshi baridi hauui bakteria wala minyoo. Chumvi ni lazima, na baada ya moshi samaki aingie kwenye friji chini ya nyuzi 4 na apikwe kabla ya kuliwa. Usimfunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa na kumwacha mezani, kwa sababu kuna bakteria wa sumu kali wanaopenda mahali pasipo na hewa. Na usiku kipimajoto kikikataa kushuka chini ya 30, acha. Ongeza kuni, umbanike kwa moshi moto, bado utakula vizuri.

Saa kumi na mbili asubuhi natoa minofu, kabla jua halijafika kwenye banda. Juzi kipimajoto kilikuwa 24. Mnofu ulikuwa na rangi ya asali, umekaza, bado unang'aa. Mke wangu aliupika kwa mawese na kitunguu, tukaula na ugali wa muhogo.