Usimuulize mama, "Mimi ni nani?"

Kila mwisho wa mwaka, watu wa mjini wanaporudi kusalimia wazazi, kliniki ya wazee hupata wageni wa aina moja: watoto waliofika nyumbani wakakuta mama hawatambui. Hadithi zao zinafanana. Sebule imejaa, shangazi anapaza sauti: "Mama, huyu nani? Mtaje jina!" Mama anatabasamu, anatafuta, anakosa. Anaulizwa tena kwa sauti kubwa zaidi, utadhani shida ni masikio.

Huo ni mtihani, na mama ameshafelishwa mbele za watu.

Ugonjwa wa Alzheimer, unaosababisha takriban asilimia 60 hadi 70 ya visa vya dimensia (hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), mara nyingi huanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mzee anadai hajanywa chai na kikombe bado kina joto, lakini wimbo wa kwaya wa usichana wake anaumaliza beti zote. Halafu kuna hili ambalo familia nyingi hazilijui: tukio likishafutika, hisia yake huweza kubaki. Hatakumbuka mlimcheka kwa lipi, ila atashinda amenuna. Hatakumbuka ulikuja, ila jioni atakuwa na uchangamfu ambao hajui umetoka wapi.

Basi jitambulishe mwenyewe: "Shikamoo mama, ni Neema mwanao, nimekuletea ndizi." Kisha mpe mikono yake kazi. Nilimwona bibi mmoja ambaye jina la bintiye lilikuwa limempotea kabisa. Akawekewa ungo wa mchele mapajani. Vidole vikaanza kutenga chuya na vijiwe, na binti alipojaribu kupepeta akakaripiwa: "Unamwaga mchele wa watu!" Wakacheka wote wawili. (Mchele wenyewe ulikuwa umeshachambuliwa asubuhi. Kuna ubaya gani?)

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walijaribu vikundi vya kuchangamsha akili za wazee wenye dimensia, vikao 14 vya mazungumzo na shughuli wanazozizoea. Nyumbani unaweza kuanza na bao, kusuka ukili, au albamu ya picha, ila mwache yeye asimulie. Akikosea mwaka, usimsahihishe.

Sherehe ifanyeni mchana. Jua likielekea kuzama wengi huanza kuhangaika, wakitaka "kwenda kwetu" nao wako kwao. Wageni waingie wawili wawili, muziki uwe wa chini, na kuwe na chumba tulivu cha kumpumzisha. Akimuulizia baba aliyekwisha kufariki, kumtangazia msiba upya ni kumfisha mara ya pili. Muulize baba alipenda kula nini, mtasikia mengi.

Lakini kama juzi alikuwa anaongea vizuri na leo amechanganyikiwa ghafla, hiyo huenda si dimensia. Yaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, upungufu wa maji au dawa mpya aliyoanzishiwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama pilau iko jikoni.