Ubaroneti wa Gwydir: cheo njia yake, ardhi njia yake

Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alianzisha cheo cha baroneti (cheo cha heshima kilicho chini ya baroni) Mei 1611 kwa sababu alihitaji fedha za askari wa Ulster, Ireland. Kila baroneti alilipia askari 30 kwa miaka 3, kila mmoja peni 8 kwa siku. Hizo ni peni 240, yaani pauni 1 kamili kwa siku, na jumla yake pauni 1,095. Sir John Wynn wa Gwydir, karibu na Llanrwst kaskazini mwa Wales, alipata cheo hicho mwezi uliofuata.

Cheo hicho hurithiwa na wanaume tu, kupitia wanaume tu, na wosia haukibadilishi. Ardhi ni jambo jingine: inaweza kwenda kwa binti, au kwa yeyote aliyetajwa katika wosia. Asiyetenganisha mambo haya mawili hupotea njia akifuatilia ukoo wowote wa aina hii.

Baroneti wa nne, Sir Richard, alifariki 1674 akiacha binti, Mary. Cheo kikaenda kwa John, mtoto wa baba yake mdogo. Ardhi ya Gwydir ikabaki kwa Mary, naye alipoolewa na Robert Bertie mwaka 1678, ikaingia katika ukoo wa mume wake. Sir John huyu, baroneti wa tano, alikuwa na ardhi nyingine aliyoipata kupitia mke wake, Watstay karibu na Ruabon, akaiita Wynnstay. Alifariki Januari 1719 bila mtoto, na ubaroneti ukafa naye. (Hati za wakati ule huandika 1718, kwa kuwa mwaka ulianza Machi 25.) Ukoo wa kiume ukaisha hivyo, ingawa baroneti wa kwanza alikuwa amezaa wana wa kiume wasiopungua 10!

Ardhi ya Wynnstay iliachwa kwa Watkin Williams, ambaye mama yake alitoka katika uzao wa baroneti wa kwanza. Akaongeza jina Wynn. Hapa ndipo wengi hukosea: ubaroneti wa akina Williams-Wynn si ule wa Gwydir. Ni wa 1688, na Watkin aliurithi kwa baba yake mwaka 1740.

Nyumba ya Gwydir ingali imesimama. Mbao za nakshi za chumba chake cha kulia ziliuzwa mnadani 1921 kwa William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, zikaishia ndani ya makasha ya Makumbusho ya Metropolitan, New York. Zilirudishwa Gwydir mwaka 1996.