"Jeshini wanafundishwa kubomoa tu": ya barazani na ya kweli kuhusu uhandisi ujenzi katika chuo cha kijeshi

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ana jambo moja kichwani: kusoma uhandisi ujenzi katika chuo cha kijeshi cha Marekani. Video ya gwaride la West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, ndiyo iliyomtia wazimu. Alimwambia mama yake mchana, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshafika kwenye baraza la kahawa huku Ngamiani, kila mwenye kikombe ana la kusema. Mimi ni mhandisi wa saiti hapa Tanga, jeshi sijatumikia. Ila nilikaa naye tukapitia mitaala na masharti mstari kwa mstari, na mengi ya barazani hayakusimama.

"Jeshini wanafundishwa kubomoa. Kujenga ni kazi ya raia."

Hili lilisemwa na mzee ninayemheshimu, kwa hiyo nilisubiri amalize kashata yake. Historia imekwenda kinyume kabisa. West Point ilianzishwa mwaka 1802, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa shule ya uhandisi ya Marekani. Sylvanus Thayer, aliyekiongoza chuo kuanzia 1817 hadi 1833, alikuwa amepelekwa Ufaransa kuangalia wenzao wanavyosomesha. Aliporudi akaufanya uhandisi ujenzi kuwa uti wa mgongo wa masomo. Wahitimu wake wakaenda kuchora njia za reli, kujenga madaraja na kuchimba bandari. George Goethals, aliyeusimamia ujenzi wa Mfereji wa Panama mpaka ukafunguliwa mwaka 1914, ni mhitimu wa hapo, wa mwaka 1880.

Hata jina la fani lina kisa chake. Sisi tunasema uhandisi ujenzi, basi. Waingereza waliita "uhandisi wa kiraia", kwa sababu zamani mhandisi maana yake ilikuwa mtu wa ngome na mizinga. John Smeaton, yule aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone katika karne ya 18, akajiita mhandisi wa kiraia ili watu wajue yeye si wa jeshi. Kwa hiyo kusoma "uhandisi wa kiraia" ndani ya chuo cha jeshi ni kama mtoto kurudi nyumbani kwa babu.

Na sisi watu wa Tanga tusijifanye hatujui jinsi mambo haya yanavyochanganyika. Reli yetu ilianza kujengwa 1893 kwa ajili ya mashamba ya Usambara. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi hapa, Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwaleta askari wake kutoka Moshi kwa reli hiyo hiyo, na Waingereza wakarudi melini. Tuta la reli lilikuwa lile lile, iwe behewa limebeba katani au askari.

Kulipua kupo, sikatai. Lakini hufundishwa baada ya kuhitimu, kwa maofisa waliopangiwa kikosi cha wahandisi, huko Fort Leonard Wood, Missouri. Ndani ya miaka minne ya shahada mwanafunzi anahangaika na yale yale yaliyonitoa jasho mimi: mekanika, uimara wa vifaa vya ujenzi, tabia ya udongo, mwendo wa maji, usanifu wa chuma na wa zege lenye nondo.

"Shahada ya jeshi ni ya gwaride, haitambuliki."

Programu za uhandisi ujenzi za West Point, za chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado na za chuo cha Walinzi wa Pwani kule Connecticut zina ithibati ya ABET, chombo kile kile kinachopima vyuo vya kiraia vya Marekani. Atakayerudi nayo Tanzania atapita mlango uleule niliopita mimi, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi: kwanza unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, halafu unafanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu hivi kabla ya kuomba kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Hakuna anayeuliza ulipiga kwata wapi.

Kama kuna tofauti, iko darasani. West Point bado wanafuata utaratibu wa Thayer: somo unalisoma usiku, peke yako, kabla mwalimu hajalifundisha. Asubuhi mnaingia darasa dogo, watu wasiozidi ishirini, mnasimama ubaoni na chaki mkononi kila mmoja anakokotoa. Nilipomweleza mpwa wangu hilo alinyamaza. Tumezoea mwalimu aandike, sisi tunakili, mtihani ukikaribia ndipo tunauliza. Pale, ambaye hakusoma anaonekana saa mbili asubuhi, mbele ya wenzake, na kesho tena.

"Vyuo vyote vya kijeshi vina fani hiyo."

Hapana. Chuo cha Jeshi la Majini kule Annapolis hakina shahada ya uhandisi ujenzi. Kina uhandisi wa bahari, usanifu wa meli na nyinginezo. Hapa nyumbani, Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli kinatoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi. Kijana wa Tanga anayetaka vyote viwili, kombati na kikokotoo, kwa kawaida husoma uhandisi kwanza kwenye chuo cha kiraia, Dar es Salaam au Mbeya, kisha ndipo aangalie nafasi jeshini.

"Ni bure."

Shangazi yake aliruka kwa furaha aliposikia hakuna ada. Kweli hakuna, na mwanafunzi analipwa posho juu. Lakini Mmarekani akihitimu West Point anatoka na cheo cha luteni usu na deni la miaka mitano ya utumishi kamili, na mitatu mingine kwenye jeshi la akiba. Akiondoka kabla ya mwaka wa tatu kuanza, haya. Akiondoka baada ya hapo anaweza kutakiwa kutumikia kama askari wa kawaida au kurudisha gharama. Halafu haruhusiwi kuwa ameoa au ameolewa wakati wote wa masomo. Shangazi alipofika hapo akapunguza furaha.

"Ukisoma kujenga utapangiwa kujenga."

Hili ndilo lililonishangaza mwenyewe. Somo unalosomea na kikosi unachopangiwa ni vitu viwili. Unaweza kumaliza ukiwa hodari wa madaraja, jeshi likakupeleka kwenye askari wa miguu, mizinga au helikopta. Upande wa pili, kile kikosi kikubwa cha wahandisi wa Jeshi la Marekani, kinachoshughulikia mabwawa, kuta za mafuriko na njia za maji, kimejaa raia. Wanajeshi ni wachache mno. Anayependa zege zaidi ya buti, hilo alipime mapema.

"Jaza fomu mtandaoni, Mungu ni mkubwa."

Mungu ni mkubwa, lakini fomu ile si yako. Ili kuingia West Point, mwanafunzi wa Kimarekani mwenyewe anahitaji kupendekezwa, mara nyingi na mbunge au seneta wa kwao. Wageni wapo, ila sheria yao inaweka ukomo wa wanafunzi 60 wa kigeni kwa wakati mmoja pale West Point, na anayependekeza ni serikali ya nchi husika. Wakihitimu wanarudi kutumikia kwao. Kwa maana hiyo njia ya mpwa wangu inapita kwanza kwa serikali yake mwenyewe. Anayekutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba atakupatia nafasi West Point kwa laki tatu, mzuie namba.

Lililobaki, "si mambo ya wasichana", sikulijibu barazani. West Point ilipokea wanawake wa kwanza 1976, wakahitimu 1980. Badala ya kubishana nilimwambia mpwa wangu aje saiti Jumamosi.

Alifika saa moja na nusu, shikamoo mjomba, viatu vya shule. Nikampa koni ya kupimia ulaini wa zege, ile ya chuma yenye kimo cha milimita 300. Unajaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo mara 25, unasawazisha juu, kisha unainua koni wima polepole. Alihesabu kwa sauti. Alipoinua, zege likalala chini kama uji wa mgonjwa. Tuko karibu na bahari hapa, hewa ina chumvi. Zege lenye maji mengi huacha vitundu, chumvi ikapenya ikala nondo, na jengo la miaka mitano likaanza kutapika kutu.

"Maji mmezidisha," akamwambia fundi.

Fundi akanitazama mimi. Nikamwambia, "Usinitazame mimi, mjibu yeye."

Akakuna kichwa, akasema mchanga ulilowa na mvua ya usiku na wao hawakupunguza maji. Mpwa wangu akaomba daftari, akaandika saa, namba ya mchanganyo na sababu, halafu akauliza gari la pili linafika lini.